Mtaa wa Mtoni Ukifanywa Upya, Nani Hubaki?



Muhula uliopita, katika somo la Jiografia la Kidato cha Tatu, tulikuwa tukitazama ramani ya London. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono akauliza: "Bwana, mtaa uliokuwa mchafu ukisafishwa, ukatiwa taa na miti na nyumba mpya, mbona wenyeji huandamana kuupinga? Je, wanapenda uchafu?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana, na kengele ililia kabla sijamaliza kulijibu. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nilijibu humu.

1. Mto na kazi zake

Mji wa London umejengwa kando ya mto Thames. Ingawa bahari iko mbali kidogo, maji ya mto hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 7. Hapo kale merikebu zilitia nanga katikati ya mto, zikangoja siku nyingi kushusha shehena, na wezi walikuwa wengi. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara walichimba mahodhi makubwa kando ya mto, yenye malango ya kuzuia maji, ili merikebu zikae salama hata maji ya mto yakipwa. Mahodhi ya West India yalifunguliwa mwaka 1802, na mengine mengi yakafuata katika karne ile ya 19.

Kando ya mahodhi yalijengwa maghala, na kando ya maghala zikajengwa nyumba za wachukuzi. Yafaa tujue kwa nini walikaa karibu hivyo. Mchukuzi hakuwa na kazi ya mwezi. Kila asubuhi alisimama langoni pamoja na mamia ya wenzake, msimamizi akachagua wachache, na wengine wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu akikaa mbali, atachelewa langoni. Akichelewa, watoto watalala njaa. Ndiyo sababu watu walisongamana katika nyumba ndogo, zenye moshi na unyevu, karibu na maji.

Mali ya dunia nzima ilipita pale: chai, sukari, mbao, manukato, sufu. Hata sisi wa Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi kutoka bara hadi pwani, zikapitia Unguja, nyingi ziliuzwa London. Katika mahodhi ya St Katharine ghala moja bado linaitwa Ivory House, yaani Nyumba ya Pembe. Siku hizi pembe hazimo tena. Ghorofani wanakaa watu, na chini mna maduka.

2. Wapangaji 11,000 walikwenda wapi?

Sasa sikilizeni habari ya mahali pale pale pa St Katharine, maana humo mna mbegu ya jibu letu.

Kabla ya mahodhi yale kuchimbwa palikuwa na mtaa wa watu. Ili kupata nafasi, nyumba zipatazo 1,250 zilibomolewa, na watu wapatao 11,300 wakakosa makao. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakupewa kitu. Mahodhi yakafunguliwa mwaka 1828, na watu wakasifu uzuri wake.

Angalieni vizuri jambo hili. Hakuna aliyesema kwamba mji usipate bandari, na bandari ilileta kazi nyingi. Lakini gharama ya maendeleo yale iliwaangukia wale waliokuwa na kidogo kabisa, kwa sababu majina yao hayakuwa katika hati za ardhi. Mtu aweza kukaa mtaani miaka 30, akazaa, akazika wazee wake, akajua kila kichochoro. Lakini siku ya kubomoa huulizwa swali moja tu: hati iko wapi?

3. Mtaa wa mtoni ulivyokufa

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuupiga mji wa London kwa mabomu, na sehemu ya mahodhi iliungua vibaya. Ikajengwa tena, na baada ya vita kazi iliendelea. Kilichoiua bandari ya kale hasa ni sanduku la chuma. Kontena moja, linaloinuliwa na winchi na kuwekwa juu ya lori, hufanya kazi ya wachukuzi wengi. Tena meli za makontena ni kubwa, hazikuweza kuingia katika mahodhi ya zamani. Zikaishia Tilbury, karibu zaidi na bahari. Tangu mwaka 1967 hadi 1981 mahodhi ya London yalifungwa moja baada ya jingine. Lile la St Katharine lilifungwa mwaka 1968.

Mto nao ulikuwa mgonjwa. Mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba sehemu ya Thames ipitayo London imekufa: maji yalikosa hewa ya kutosha, na samaki hawakuweza kuishi humo. Basi fikirini hali ya mtaa: maghala matupu, vioo vimevunjika, mto unanuka, kazi hakuna, vijana wanahama. Hii ndiyo hali ambayo kijana wetu aliiita uchafu, na hakukosea.

Tena si mto wote uliobaki hivyo. Mitambo ya kusafisha maji machafu iliboreshwa, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni, ambaye hawezi kuishi katika maji machafu, alipatikana tena katika Thames. Mwaka 2025 shimo refu la kilomita 25 lililochimbwa chini ya mto lilikamilika kuunganishwa, lizuie maji machafu yasimwagike humo mvua inaponyesha sana.

Hapa pana jambo la ajabu. Mto ulipokuwa unanuka, matajiri hawakuutaka, na maskini waliachiwa. Mto ulipopona, kila mtu alitaka dirisha la kuutazama. Maji yakisafika, bei ya ardhi hupanda. Ardhi ikipanda, kodi ya nyumba hupanda. Na kodi ikipanda, yule aliyevumilia harufu miaka yote ndiye wa kwanza kufunga mizigo.

4. Njia ya kwanza: kuwaita wenye fedha

Mwaka 1981 serikali ya Uingereza iliunda shirika la kufufua eneo la mahodhi, liitwalo kwa Kiingereza Docklands. Shirika lilipewa ardhi, na lilipewa uwezo wa kutoa ruhusa ya kujenga, uwezo ambao zamani ulikuwa mikononi mwa mabaraza ya mitaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza barabara na reli, kisha kuwaita wenye fedha waje kujenga. Reli ndogo ya Docklands ilifunguliwa mwaka 1987, na mwaka 1991 likakamilika jengo la Canary Wharf lenye urefu wa mita 235, juu ya ardhi ambapo zamani ndizi na sukari zilishushwa.

Tukipima kwa hesabu, kazi kubwa ilifanyika. Watu waliokaa eneo lile walikuwa 39,000 hivi mwaka 1981; mwaka 1998, shirika lilipomaliza kazi yake, walikuwa 83,000 hivi. Kazi za mshahara ziliongezeka kutoka 27,000 hivi hadi 85,000. Asiyekiri kwamba haya ni maendeleo hasemi kweli.

Lakini mchukuzi aliyezoea kubeba magunia hakuajiriwa katika benki. Kazi zilizokuja zilikuwa za benki, za bima na za magazeti, na wengi waliozishika walitoka kwingine. Nyumba nyingi mpya zilikuwa za kuuzwa, kwa bei ambayo watoto wa wachukuzi hawakuimudu. Wenyeji walilalamika kwamba hawakuulizwa. Katika miaka ile ya 1980, wakubwa walipokusanyika kusherehekea ujenzi wa Canary Wharf, wenyeji wa pale waliwafungulia kundi la kondoo na maelfu ya nyuki! Wageni wa heshima walitawanyika. Twaweza kucheka, lakini mtu anayelazimika kuzungumza kwa mdomo wa nyuki ni mtu ambaye mdomo wake mwenyewe haukusikilizwa.

5. Njia ya pili: wenyeji kushika ardhi

Upande wa kusini wa mto, kati ya madaraja ya Waterloo na Blackfriars, kuna barabara ndogo iitwayo Coin Street. Sehemu ile ya Waterloo ilikuwa na watu karibu 50,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Kufika mwanzo wa miaka ya 1970 walibaki 4,000 hivi. Mabomu, kubomolewa kwa nyumba, na ujenzi wa maofisi ndivyo vilivyowapunguza. Shule zilifungwa na maduka yakafungwa, maana ofisi haina mtoto wa kupeleka shule, wala hainunui unga jioni.

Ikaja habari kwamba kampuni moja yataka kujenga pale maofisi makubwa na hoteli ndefu. Mwaka 1977 wenyeji waliungana kupinga. Lakini hawakusema "hatutaki" tu. Nao walichora mpango wao: nyumba za familia, bustani, karakana, maduka. Ukafanywa uchunguzi wa hadhara mara mbili, na kila mara ulichukua muda mrefu. Mara ya kwanza mipango yote miwili ilikataliwa. Mara ya pili yote miwili ilikubaliwa! Sasa ikawa kama fahali wawili katika zizi moja. Kampuni ilimiliki sehemu ya ardhi, na baraza kuu la mji wa London lilimiliki sehemu nyingine, na baraza liliwaunga mkono wenyeji.

Mwishowe kampuni ilichoka. Mwaka 1984 iliuza sehemu yake kwa baraza, na baraza likaiuza ardhi yote, ekari 13, kwa chama kilichoundwa na wenyeji, kwa pauni milioni 1. Mtauliza: ardhi ya katikati ya London kwa bei hiyo? Siri ni hii. Baraza lilitia masharti katika hati kwamba ardhi ile itumike kwa mambo yaliyomo katika mpango wa wenyeji, wala si kwa maofisi. Ardhi isiyoweza kujengwa maofisi bei yake hushuka, na ilipokuwa imeshuka, wenyeji waliweza kuinunua. Miaka 2 baadaye, mwaka 1986, baraza lenyewe lilivunjwa na serikali. Laiti wangechelewa, nafasi ingalipita. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Wakaanza kujenga. Nyumba zao husimamiwa na vyama vya ushirika vya wapangaji wenyewe, na kila ushirika una jina la mti. Wa kwanza ni Mulberry, yaani mforosadi, nyumba 56, mwaka 1988. Wa pili ni Palm, jina la jamii ya minazi na mitende, nyumba 27, mwaka 1994. Wa tatu ni Redwood, mti mrefu wa Marekani, nyumba 78, mwaka 1995. Na wa nne, nyumba 59, mwaka 2001, unaitwa Iroko. Iroko ni mti gani? Ni mvule wetu! Ni mti huu huu wa Busoga, ambao mchwa hawauli kwa urahisi, na ambao madawati mengi ya shule zetu yalichongwa kwa mbao zake. Kijana wa Uganda akipita kando ya mto Thames ataona jina la mti wa kwao limeandikwa juu ya makao ya watu wa kawaida.

Zile nyumba 78 za Redwood zimo ndani ya jengo lenye mnara uitwao Oxo. Zamani palikuwa ghala la kampuni ya mchuzi wa nyama. Inasemekana kampuni ilikatazwa kuweka tangazo la taa juu ya mnara. Basi msanifu akatengeneza madirisha matatu yenye umbo la duara, la msalaba, na la duara tena, yakasomeka O X O. Jengo lilifunguliwa upya mwaka 1996. Chini mna maduka na karakana za mafundi, juu kabisa mna hoteli ya chakula, na katikati wanakaa wapangaji wa ushirika. Kodi ya maduka na ya hoteli husaidia kazi za mtaa. Hali kadhalika chini ya nyumba za Iroko pana maegesho ya magari ya kulipia. Hivyo tajiri anayekuja kula chakula cha jioni mtoni humsaidia mwenyeji, badala ya kumhamisha.

Mpangaji wa pale ni mwanachama, huhudhuria mikutano, hupiga kura. Lakini hawezi kuiuza nyumba apate faida akaondoka, maana nyumba inamngoja mwingine mwenye haja kama yake.

6. Kukaa humo kulivyo

Msidhani kwamba kukaa katika mtaa unaofanywa upya ni raha tupu. Asubuhi mtambo wa kupiga nguzo ardhini huanza kazi, na vikombe hutetemeka kabatini. Vumbi huingia katika nguo zilizoanikwa. Njia uliyopita jana leo imefungwa. Duka la mkate limekuwa duka la kahawa, na kikombe kimoja bei yake ni kama mikate miwili. Katika baadhi ya majengo mapya madirisha hayawashwi taa usiku, kwa sababu mwenye nyumba yuko nchi ya mbali, alinunua ili bei ipande. Jirani kama huyo humwombi chumvi.

Pia ziko furaha. Zamani kuta za maghala zilimficha mwenyeji mto wake mwenyewe. Sasa njia ya miguu imefunguliwa kando ya maji, na mtoto, mzee na mgeni hupita bure. Pale Coin Street kuna bustani iliyopewa jina la Bernie Spain, mama mmoja katika wale waliopigania mtaa. Mwaka 2007 kilifunguliwa kituo cha jamii chenye shule ya watoto wadogo. Maji yakipwa, matope ya mto bado yananuka kidogo, na wenyeji husema harufu ile si mbaya ukiijua tangu utoto.

7. Jibu la swali

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu. Wenyeji hawapendi uchafu. Wanaogopa kwamba usafi unaoletwa hautakuwa wao. Wamekwisha kuona kwamba ahadi ya mdomo, hata ya karatasi, hupungua. Mfano wa karibuni ni Battersea, palipokuwa na mtambo mkubwa wa umeme uliofungwa mwaka 1983. Katika mpango wa kupafufua ziliahidiwa nyumba 636 za bei nafuu. Mwaka 2017 hesabu ikapunguzwa hadi 386, kwa sababu ya gharama za ujenzi. Jengo likafunguliwa mwaka 2022, linapendeza sana. Lakini familia 250 zilizokuwa katika hesabu ya kwanza hazimo katika ya pili.

Lazima tuwe waadilifu katika kupima. Nyumba zote za ushirika wa Coin Street ni 220 tu. Kule Docklands zilijengwa maelfu mengi. Njia ya wenyeji ni ndogo, na huenda polepole. Mji mzima hauwezi kujengwa kwa mikutano peke yake. Wenye fedha wanahitajiwa, na serikali inahitajiwa. Somo langu ni hili moja: swali la nani atabaki lazima lijibiwe kabla ya mto kusafishwa, wakati ardhi ni ya bei ndogo na hakuna anayeitazama. Baada ya taa kuwashwa na miti kupandwa, ni vigumu mno. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nasi tunao mto. Jinja imekaa pale Naili inapotoka ziwani, na tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe mwaka 1954, watu wengi wamekwenda kukaa huko kutafuta kazi. Kila mji wetu una bonde lake lenye maji, na bondeni ndiko wanakokaa watu wenye kipato kidogo. Ninyi mliosoma hapa zamani, wengine wenu mko katika mabaraza ya miji, wengine ni wahandisi, wengine wapima ardhi. Siku mpango mzuri wenye picha za rangi utakapowekwa mezani penu, ulizeni kwanza: waliomo sasa wameandikwa wapi? Na ninyi wanafunzi, msiuone mtaa kuwa ni kuta na paa tu. Mtaa ni watu wanaojuana majina.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini wachukuzi wa London walilazimika kukaa karibu na mahodhi.
2. Kontena lilibadili kazi ya bandari namna gani?
3. Masharti ya hati yalishushaje bei ya ardhi ya Coin Street? Ni nani aliyefaidika, na ni nani aliyepata hasara?
4. Linganisha njia mbili za kufufua mtaa. Taja wema mmoja na kasoro moja ya kila njia.
5. Nenda kwenye mtaa ulio karibu na mto au kijito nyumbani kwenu wakati wa likizo. Uliza wazee watatu: ardhi hii ni ya nani, na zamani ilikuwa ya nani? Andika majibu yao, uje nayo muhula ujao.